Rehani ya Bibi Zainabu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jani dogo akalitia harufu, kisha akaiumba pua ya mwanadamu ipate kuitambua. Namshukuru kwa uhai alionijalia hadi nikafikia umri wa kuitwa bibi, na kwa kumbukumbu ambazo bado hajazichukua.

Juzi mjukuu wangu alikuwa anafagia uwanja hapa kwetu Buzuruga. Ufagio wake ukaupiga mrehani nilioupanda karibu na mlango wa jikoni, na harufu ikapanda yote kwa pamoja, tamu na kali kidogo, kama karafuu iliyochanganywa na majani mabichi. Nilisimama na kikombe mkononi hata chai ikapoa. Mtoto alidhani naumwa. Kumbe nilikuwa nimerudi kwa mama yangu.

Nyumba yetu ya wakati huo ilikuwa imebanwa na majabali, kiasi kwamba ukuta mmoja wa jiko ulikuwa ni jiwe lenyewe, nasi tulizoea kuegemea hapo wakati wa joto. Upepo wa asubuhi ulituletea harufu ya dagaa wanaoanikwa kule chini ufukweni. Jioni ulituletea mbu. Katikati ya hayo yote mama alikuwa na mirehani yake, aliyoiotesha katika madebe ya mafuta yaliyotobolewa chini. Mtoto akikohoa, majani yalichemshwa kwenye chai. Mbu wakizidi, tuliyafikicha tukajipaka miguuni. Nguo za Idi zilikunjwa pamoja na vijiti vyake vilivyokauka, kwa hiyo hadi leo Idi kwangu ina harufu hiyo.

Lakini kazi kubwa ya rehani mtaani kwetu ilikuwa msibani. Ilitiwa katika maji ya mwisho ya kumwoshea maiti, na nyingine ikawekwa juu ya sanda. Haikuuzwa. Mwenye msiba alikuja mlangoni akasema tu, "Nimekuja kuchuma," na mama akaitika, "Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea," akampisha achume kwa mkono wake. Na palikuwa na sharti moja ambalo watu wa mtaa walilishika kama kitu cha dini: rehani ya maiti huombwa, haipelekwi. Anayeipeleka bila kuombwa ataonekana kama mtu aliyekuwa anakisubiri hicho kifo.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa Mama Rajabu, mke wa fundi baiskeli. Yeye na mama walikuwa marafiki wa kuazimana chumvi, hadi kuku wake walipoanza kupanda madebe na kuifukua mirehani. Siku moja mama alirusha jiwe, na Mungu ndiye ajuaye kama alilenga, lakini jogoo alivunjika mguu.

"Kwani hayo majani yako ni dhahabu?" Mama Rajabu aliuliza bombani, mbele ya wanawake wote waliokuja kuteka maji.

"Na huyo jogoo wako ni tausi?" mama akajibu.

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Wangetukanana peke yao, pengine yangeisha. Lakini walichekwa, na tangu siku ile hawakusalimiana. Jogoo yule alichechemea mtaani miezi mingi kama ushahidi unaotembea.

Aliyekataa kuuingia ugomvi huo ni Bibi Zainabu, mama mkwe wa Mama Rajabu, mzee mwembamba aliyeletwa na mwanawe kutoka Nansio alipofiwa na mumewe. Kila Ijumaa alipanda kwa fimbo yake kuja kwetu. Mimi nilimpokea kwa shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti ndefu ya watu wa kisiwani. Alichuma kijiti kimoja, akakichomeka kwenye kilemba chake, akaketi kupumzika. Mama alimpa uji. Hawakumtaja Mama Rajabu hata siku moja.

Ijumaa moja, akiwa anakoroga uji, Bibi alisema, "Mwanangu, siku yangu ikifika usingoje mtu aje kuomba. Mimi nimeshaomba."

"Bibi, usiseme hivyo," mama alisema upesi.

"Nisiseme kwani nitaishi milele? Siku hiyo pua yangu haitanusa kitu. Zenu ndizo zitakazonusa." Akacheka, nami nikacheka pia, maana nilijaribu kufikiria pua isiyonusa.

Alifariki wakati wa kiangazi kikali. Asubuhi kilio kilipoanza kule chini, mama alikuwa anakanda unga wa maandazi. Aliacha mikono yake ndani ya unga, akasikiliza. Kisha akanawa, akakaa mlangoni karibu na madebe, akangoja.

Hakuja mtu. Tulimwona wifi yake Mama Rajabu akitoka, akapita mbele yetu uso ameugeuzia upande mwingine, akaenda nyumba za mbali kutafuta rehani. Baadaye alirudi mikono mitupu. Jua lilikuwa limekausha kila kitu; ni mama peke yake aliyekuwa akiinyweshea mirehani maji ya kuoshea vyombo. Mazishi yalikuwa kabla ya adhuhuri, na moshi wa moto wa kuchemshia maji ya kuoshea ulishaanza kupanda nyuma ya nyumba yao.

"Wanapita hapa kama vipofu," mama alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Na mimi nikienda, nitaonekanaje? Watasema nimekuja kushangilia."

Nikasema, kwa kuwa kwangu lilikuwa jambo la wazi kabisa, "Lakini mama, Bibi alishaomba."

Mama alinitazama. Akainuka, akachukua kisu, akaikata mirehani yote hadi vikabaki visiki. Akaifunika kwa upande wa kanga yake, akateremka, nami nikamfuata.

Mama Rajabu alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Sikuja kwa hiari yangu," mama alisema. "Nimeagizwa."

"Na nani?"

"Na Bibi. Aliomba mwenyewe, kwa mdomo wake, akinywa uji kwangu."

Mama Rajabu alifunua kanga, akaona majani. Akainamisha uso wake humo ndani, mikononi mwa mama, na mabega yakaanza kutikisika. "Yaani huyu bibi," alisema kwa shida, "hata leo bado anatutuma!"

Waliingia pamoja. Sikuona yaliyofanyika ndani, ila wanaume walipoliinua jeneza, harufu ile ilipita juu ya vichwa vyetu, na wanawake hao wawili walikuwa wameshikana mikono.

Baada ya arobaini Mama Rajabu alikuja na kipande cha wavu wa zamani, akayazungushia madebe kuwazuia kuku. Visiki vilikuwa vimechipua.

Miaka mingi baadaye nilisoma hukumu za dini kuhusu kuosha maiti. Nikajifunza kwamba huoshwa kwa maji, majani ya mkunazi na kafuri, na kwamba rehani si lazima. Bibi Zainabu angezikwa vizuri tu bila jani hata moja. Naye alikuwa mwanamke wa Qur'ani. Bila shaka alilijua hilo kabla yangu. Hakuomba kwa ajili ya mwili wake. Aliomba kwa ajili ya pua zilizobaki, zikutane juu ya jani moja.

Mwenyezi Mungu amlaze pema. Nawe uliyenisoma hadi hapa, akujaalie jirani wa kukufungulia mlango siku ya msiba wako, na kama uko mlango uliofungwa kati yako na mtu, akupe cha kubeba mkononi uende ukaubishe. Amin.