Kiti Kilichokauka Juu Tu

Tangu mume wangu afariki sijatulia. Ilipokaribia siku ya kuganduka, ambapo familia hukusanyika kuondoa kilio, nilianza kusafisha viti vya sebuleni. Sikutaka mawifi waseme nyumba ya kaka yao imechakaa. Nilimwaga maji na sabuni, nikasugua, nikamwaga tena. Mikono ilikataa kukaa bure. Kitambaa kilipokauka nikaridhika. Sponji la ndani sikulifikiria.

Siku yenyewe nilimkalisha mama mkwe kwenye kiti cha mwanawe, mahali pa heshima. Aliposimama kuomba, kitenge chake kilikuwa kimelowa chote nyuma. Wifi mdogo akaziba mdomo. Mkubwa akanong'ona, "Masikini, mama amezeeka."

Ningeweza kunyamaza.  Lakini nikaruka.

"Apana, si mama! Ni mi nimelowesha kiti!"

Nikakibonyeza kwa viganja viwili mbele ya wote. Maji na povu vikatiririka hadi kwenye viatu vya mchungaji aliyekuja kuongoza maombi.

Mama mkwe akashusha pumzi. "Asante, mutoto wangu. Mi nilikuwa nimeanza kujishuku."