Makopo Tisa ya Sajenti Santa

Simpendi Sajenti Santa Aryemo, na naomba ijulikane mapema ili nisisingiziwe kwamba namsifu. Nimeishi naye chumba kimoja miaka miwili, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, katikati pazia la khanga tatu zilizoshonwa pamoja. Ndivyo tunavyokaa katika kambi yetu ya polisi Nsambya. Mume wangu Opio ni polisi. Alipewa nusu hii, na wiki iliyofuata akapelekwa Karamoja. Nikabaki na mtoto wetu Adero, mwenye miaka minne na pumu, pamoja na huyo mama.

Santa ana miaka hamsini na mmoja. Analinda geti la ofisi fulani Nakasero, zamu ya usiku. Hutoka saa kumi na moja jioni, buti zinang'aa, hurudi saa moja asubuhi. Hasalimii. Ukimsalimia anakuangalia kama mtu anayesubiri kitambulisho. Jina langu ni Vera, analijua, lakini ananiita Mukenya. Mwanangu Adero kwake ni "huyo wa kukohoa".

Sijawahi kumsikia akiongea vizuri na mtu. Huongea vizuri na makopo. Alikuwa na makopo tisa ya maziwa ya unga kwenye ukingo wa dirisha, kila moja na kimea kifupi chenye majani manene yaliyojaa maji ndani, kimoja cha kijivu, kingine chenye miiba midogo ya kung'ang'ania kidole. Marehemu mumewe, Oola, naye alikuwa polisi, na kila alipohamishwa alirudi likizo na kipande cha mmea mfukoni, kutoka Moroto, kutoka Kitgum, kutoka Kasese. Hakuwa na kingine cha kumletea. Hayo niliyajua kabla sijafanya nililolifanya, kwa hiyo sina kisingizio.

Aliwanywesha, maana vimea hivyo aliviita watu, maji kijiko kimoja cha chai, Jumapili moja ndiyo, nyingine hapana, akitoka misa. Kwanza alichomeka njiti ya kiberiti kwenye udongo. Njiti ikitoka imegandwa na udongo mbichi, hakuna maji, hata kama Jumapili yao imefika. Majani aliyapangusa vumbi kwa kipande cha shati la sare. Hakuna aliyewahi kumpangusa mwanangu kwa upole ule hapa kambini, mimi nikiwemo.

Chumba kina dirisha moja tu, nalo ni lake. Alilifungua akirudi asubuhi, na mwanga na hewa vilipita juu ya pazia vikatufikia. Adero alicheza, kifua kimetulia. Lakini wingu likionekana tu upande wa ziwani, hata liwe dogo namna gani, Santa aliamka, akafunga, akatia kufuli ambayo ufunguo wake hutembea nao, maana vimea vikirushiwa maji ya mvua vinaoza. Saa saba mchana tumeshafungiwa. Moshi wa majiko ya kibarazani unaingia kwa mlango na hauna pa kutokea, na mtoto anaanza kuvuta pumzi kwa mabega.

Nilimwomba. Nilimwita Afande, nikamwita Mama. Alinijibu akiwa amelala, bila hata kuondoa kitambaa alichojifunga machoni, kwamba maua yataoza, na hapana ni hapana.

Basi nikafikiri, na fikra zangu zilionekana safi kabisa. Dirisha linafungwa kwa sababu ya maua. Maua yakifa, dirisha litabaki wazi. Jioni hiyo hiyo, alipokwenda kazini, nilipita pazia nikamimina nusu kikombe cha maji kwenye kila kopo. Kesho yake tena. Mtu angenikuta angesema namsaidia jirani. Nilifanya hivyo kila siku, wiki tatu.

Wiki ya pili njiti zake zilianza kutoka na tope. Nilimsikia akinung'unika kwa Kiacholi. Alidhani ni unyevu wa msimu wa mvua, na ili vimea vikauke akaanza kuacha dirisha wazi zaidi, hadi saa tisa, hadi saa kumi, yeye kalala pale chini yake jua likimpiga usoni. Adero alipiga kelele za furaha kutwa. Mimi nikajipongeza kwamba dawa inafanya kazi, nikaongeza maji. Nilikuwa mjinga wa kupigiwa mfano.

Alhamisi moja asubuhi aligusa jani, likaanguka. Akagusa lingine, likapasukia kidoleni kama nyanya iliyooza. Aliinamisha kopo, maji yakamtiririkia kwenye buti. Alikagua yote tisa, moja moja. Kisha akavuta pazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mimi nikasimama mbele ya mtoto nikingoja kofi. Hakunipiga.

"Mimi nafanya kazi usiku," alisema taratibu. "Mchana mimi nataka giza. Ile dirisha nilikuwa nafungua sababu ya maua tu. Sasa maua imekwisha."

Akatupa vimea jalalani, akafunga dirisha, akatia kufuli, akapigilia blanketi juu yake kwa misumari minne, akalala. Ilikuwa saa tatu asubuhi na sikuona mkono wangu. Adero alianza kukohoa kabla ya saa nne. Nilijichukia, na yeye bado nilimchukia zaidi.

Siku kumi na moja zikapita hivyo. Opio alimpigia simu msimamizi wa nyumba. Msimamizi akasema dirisha ni la sajenti. Jumamosi nikaenda soko la Nakasero kwa wauza maua, nikachagua kimea kimoja cha majani manene ndani ya kikopo, kizuri, kijani tupu. Muuzaji alinionya nisikimwagilie sana. Nikamwambia najua.

Nilibisha hodi kwenye pazia. Nikapiga magoti kama wanawake wa hapa, mimi ambaye kwetu Bungoma hatupigiani magoti, nikamnyooshea kile kikopo kwa mikono miwili.

"Mama, nilikukosea. Mimi ndiye niliyeyaua maua yako," nilisema. "Mtoto hapumui. Nakuomba ufungue dirisha."

Alikipokea. Alikigeuza, akaminya udongo kwa kidole, akapuliza vumbi kwenye jani, na mimi nikaamini tumemaliza. Halafu akanipita pale nilipopiga magoti, akaingia upande wangu, akakiweka juu ya sanduku karibu na kichwa cha Adero.

"Hii ni yako, Mukenya," alisema. "Tunza."

Akarudi kwake, akavuta pazia.

Wiki ya tatu sasa, na blanketi bado liko dirishani. Sikimwagilii kimea changu zaidi ya inavyotakiwa, nakipangusa vumbi, kila kitu nafanya kama yeye. Kimepauka, na shingo imerefuka ikielekea mlangoni, kwenye mwanga. Adero naye hulala ameelekeza kichwa huko huko.