Miungu ya Chini ya Udongo mu Kaye ya Neema

Leo majivuno yangu ilinitia haya mbele ya wamaman wote wa shirika yetu ya sala.

Munajua binti yangu Neema. Kwa kuchora, mu mutaa yetu ya Nguba yote hakuna wa kumufikia. (Ndiyo, najisifu. Ni mimi nilimuzaa.)

Tulimaliza kusali kwetu nyumbani, nikawafungulia kaye yake, ile daftari ya kuchoria. Amechora inchi nzima ya chini ya udongo, na miungu yake.

Maman Béatrice akakunja uso.
"Maman Neema, miungu? Na rozari ingali mu mukono?"

Neema akamujibu polepole.
"Ni hadisi tu, maman. Uyu anachunga taa. Uyu anashikilia miti, shimo isiangukie papa tena."



Papa yake, bwana yangu, alibakia mu shimo ya zahabu ilipoporomoka. Hatukupata mwili ya kuzika. Na mimi, miezi yote hii, nilizani mutoto anacheza tu.

Maman Béatrice akavuta kaye karibu, akaangalia ukurasa kwa ukurasa.
"Kaka yangu alibakia naye mule. Hauko na nafasi yake?"

"Nafasi iko, maman. Ni krayo nyeusi ya kuchorea ndiyo iliisha."

Wapendwa, mwenye iko na krayo nyeusi atuletee. Maman Béatrice angali amekaa hapa.