Sahani ya Baba Ilunga

Juzi, mgahawani, mhudumu aliweka sahani ya samaki mbele ya kiti kitupu. Harufu ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, ikanirudisha utotoni Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwenye mgahawa wa Mama Feza.

Kila Jumapili baada ya misa, Baba na Ilunga, rafiki yake wa mgodini, walikula kwake wakibishana kuhusu mapishi. Jumapili ile Baba alinichukua mimi tu. Mama Feza akaweka sahani ya Ilunga pia, na Baba hakugusa chakula chake.

Nilidhani Ilunga amechelewa. Nikafunga samaki wake katika jani la mgomba, nikakimbia hadi kwake. Nyumba ilijaa wanawake waliokaa chini. Nilifikiri ni sikukuu. Leo najua walikuwa wamemzika Ilunga jana yake.

"Mama, Baba Ilunga hakukuya kula," nilimwambia mkewe. "Njo maana nimemuletea samaki yake."

Mkewe akafungua jani, akala taratibu, akabakiza miiba tu.

"Umuambie Mama Feza," alisema, "Ilunga anasema samaki iko muzuri."

Nilirudi mbio nikamfikishia Mama Feza salamu hizo, nikashangaa kumwona akizima moto na kufunga mlango mchana kweupe.