Mwaka Ule Kasilda Alipotumwa Mara Mbili

Asubuhi ile Kasilda Lyamba alifagia uwanja mara mbili kabla jua halijagusa paa la jiko. Akaingia ndani, akatoka, akainua ndoo tupu, akaiweka chini tena. Mumewe Sospeter alikuwa kizingitini akinoa jembe.

"Kaa basi unywe chai," akamwambia. "Mkutano wenyewe ni saa nne."

"Si nimekaa," Kasilda akajibu, naye kasimama.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chao huko milima ya Mwese, ambako masika pikipiki kutoka Mpanda hufika na tope mpaka kwenye tangi la mafuta. Hakuwa nesi. Kijiji kilimchagua kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na hakuwa na mdomo wa kutoa habari za nyumba hii kuzipeleka nyumba ile. Alipima watoto uzito, alihimiza vyandarua, alisindikiza wajawazito zahanati. Akisema jambo, watu walilifanya.

Kisha ikaja korona. Shule zilipofungwa, Kasilda alipewa na serikali kipaza sauti cha mkono, akazunguka vitongoji vyote akitangaza: naweni mikono, msishikane mikono, misibani waende wachache. Ndoo za maji zikawekwa mbele ya kila duka. Haikupita miezi mingi, maneno yakabadilika. Akaambiwa awatangazie watu warudi kazini, hofu ndiyo inayoua, na mwenye mafua mazito ajifukize. Ndoo zikarudi kwa wapika pombe. Kasilda akachukua kipaza sauti kilekile, akapita njia zilezile, akafundisha namna ya kuchemsha majani ya mlimao na mchaichai na kujifunika blanketi juu ya sufuria. Wala hakuona kosa. Aliyemtuma mara ya kwanza ndiye aliyemtuma mara ya pili.

Februari ya mwaka uliofuata, kaka yake Dionizi aliugua. Alikuwa mwanaume wa kifua kipana, mkulima wa maharage, katekista wa kigango chao, mtu wa kuimba akiwa juu ya baiskeli kwenye mlima. Siku ya kwanza alikohoa. Siku ya pili alishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika. Mkewe Theopista akasema atafutiwe pikipiki, apelekwe hospitali Mpanda.

"Tusubiri kesho," Kasilda akamwambia. "Tumfukize tena. Mvua hii itamuua njiani."

Siku ya nne Dionizi alifariki, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Theopista. Waombolezaji walipouliza ni ugonjwa gani, wote walimgeukia Kasilda. "Nimonia," akasema. Neno lilitoka kirahisi, na watu wakaridhika nalo. Tangu siku hiyo, kazi moja haikutosha mikono yake. Alikuwa akichambua maharage anayaacha, anakwenda kuchanja kuni, anaziacha, anarudi kwenye maharage.

Sasa ilikuwa Novemba, na kule juu serikalini mambo yalikuwa yamegeuka tena. Ugonjwa upo, na chanjo imefika. Mganga wa zahanati, kijana mmoja aitwaye Wilbert, alimwita Kasilda akamkabidhi karatasi yenye maelezo. "Mama, watu wanakusikiliza wewe," akasema. "Mimi wananiona mgeni. Wahamasishe, siku ya mkutano mimi nitachanja."

Kasilda alizunguka na karatasi ile wiki mbili nzima. Kila mlango ulikuwa na habari yake. Mmoja alimsikilizisha sauti kwenye simu, mtu asiyejulikana akisema waliochanjwa watakufa baada ya miaka miwili. Mwingine alisema wanawake hawatazaa. Kijana mmoja alitaka kujua kama kweli ukichanjwa kijiko kitanata begani kama kwenye sumaku. Mwenzake akacheka, akasema hiyo ni chai tu, uongo wa mitandaoni, ila hata yeye hachanji. Haya Kasilda aliyaweza. Lililomshinda ni lile walilouliza kwa upole, bila kumkomoa: "Mbona wewe mwenyewe hujachanja?" Alijibu kwamba anasubiri siku ya mkutano. Ukweli ni kwamba aliogopa kama wao.

Mkutano ulifanyika ndani ya darasa, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza. Watu walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Wilbert alieleza vizuri: dozi ni moja, homa inaweza kuja siku moja au mbili, hakuna anayelazimishwa. Kisha akaonyesha fomu ambayo kila mtu atasaini kwamba amekubali mwenyewe.

Hapo darasa likachafuka.

"Kama ni salama, tunasaini ya nini?" mtu akapaza sauti.

"Chanjo ya ndui nyie hamkusaini!"

"Hatukuulizwa!"

Nyuma kabisa akasimama Machibya, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi nyuma. Alikuwa ametoka kupanda mahindi, miguu ina udongo. Hakupiga kelele, na kwa sababu hiyo wote wakanyamaza.

"Mimi sina ugomvi na daktari," akasema. "Nina swali kwa mayu, mama yetu Kasilda. Mayu, ulipita kwangu na kile kipaza sauti ukasema tusikusanyike. Nikakubali, harusi ya binti yangu nikaahirisha. Ukapita tena ukasema hakuna tatizo, tujifukize. Nikakubali. Leo unasema tuchanje. Sasa ni lini ulikuwa unatudanganya?"

Wilbert akamnong'oneza Kasilda, "Sema utaalamu unabadilika kadiri siku zinavyokwenda." Kwenye karatasi jibu hilo lilikuwepo, mstari wa tatu. Kasilda akaitazama. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye khanga.

"Sikudanganya kwa makusudi," akasema. "Nilitumwa nikasema. Nikatumwa tena nikasema. Kosa langu ni kwamba nilisema kama mtu anayejua. Kaka yangu Dionizi mlimzika nyie. Niliwaambia nimonia. Hakupimwa popote. Sijui kilichomuua. Wifi yangu alitaka tumpeleke Mpanda, mimi nikamzuia, nikasema tumfukize tena, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimewafundisha watu wote na niliona aibu kuacha. Hata hii chanjo siijui. Ninaiogopa. Lakini namwamini huyu kijana kuliko ninavyoiamini hofu yangu, kwa hiyo naanza mimi. Asiyetaka asichanje, sitamchukia."

Theopista alikuwa amekaa dawati la pili, karibu na dirisha. Aliinuka, akajifunga kitenge upya. "Miezi tisa," akamwambia wifi yake. "Miezi tisa najilaumu kwamba sikukubishia kwa sababu wewe ulikuwa unajua. Kumbe hukujua!" Akapita katikati ya watu, akatoka mvuani bila kujifunika.

Kasilda alichanjwa huku akitazama mlango. Hakuhisi sindano.

Nyuma yake walijipanga watu kumi na tisa. Machibya alikuwa wa nne. Wilbert alipomuuliza amekubali vipi, alisema tu kwamba leo ndiyo mara ya kwanza ameambiwa na mtu wa serikali kuwa hajui. Wengine, zaidi ya mia, walirudi mashambani kwao. Wilbert hakufurahi. "Ungesema ile ya kwenye karatasi, mama, tungepata hamsini," alilalamika akifunga kikasha cha baridi. Inawezekana alisema kweli.

Kesho yake homa ilimwangusha Kasilda. Viungo vilimuuma, na hata hivyo hakutulia kitandani, akahamia mkekani, akarudi kitandani. Habari zikaenea. Ghafla kila mtu kijijini alikuwa na safari ya kupita mbele ya nyumba yake. Mmoja aliazima ungo ambao hakuuhitaji. Mwingine aliuliza habari za mbuzi aliyepotea mwaka juzi. Walikuja kuangalia kama anapumua. Sospeter akachoka, akaanza kuwatangazia tangu wakiwa barabarani: "Yuko hai! Amekula ugali!"

Siku ya pili mchana aliingia Theopista. Alikuwa na uji kwenye chupa ya chai. Akaketi kwenye kigoda mbali kidogo, hakumimina uji wala hakusalimia kwa kirefu.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja, wifi," akasema. "Tungempeleka siku ile, angepona?"

Kasilda alijiinua kwa kiwiko. Angeweza kusema hapana, Mpanda nako walikuwa wanakufa, na Theopista angeondoka amepumua. Angeweza kusema ndiyo, na kupokea hasira aliyostahili. Majibu yote mawili yalikuwa mdomoni.

"Sijui," akasema. "Ila tulipaswa kumpeleka. Hilo nalijua. Nisamehe."

Theopista hakusema amesamehe. Alifungua chupa, akamimina uji, akamsogezea. "Kunywa ungali wa moto," akasema, na alibaki mpaka Kasilda alipoumaliza, ndipo akaenda kupalilia.

Hawakurudi kuwa kama zamani. Mwaka uliofuata chanjo ilipoletwa tena nyumba kwa nyumba, Theopista alichanja kwa kuambiwa na padre, si na Kasilda, na Kasilda aliandika jina lake daftarini bila maneno. Lakini misimu ya kuvuna maharage walisaidiana.

Kazi yake hakuiacha, ingawa mara mbili aliandika barua ya kujiuzulu akaichana. Akija na tangazo jipya sasa, huanza kwa kusema limetoka kwa nani, kisha husema analolijua mwenyewe, na asilolijua hulitaja. Wapo wanaoona anapunguza nguvu ya tangazo. Wapo wanaomkalisha na kumuuliza maswali mpaka jua linageuka. Naye hukaa nao nusu nusu, mguu mmoja nje ya kivuli, macho kwenye njia iendayo nyumba inayofuata.