Kigango Kwenye Chemshabongo

Kwa miaka minne nilikuwa mtu wa maajabu katika hoteli moja hapa Malindi. Kazi yangu ya mshahara ilikuwa mapokezi: kuandikisha wageni, kutoa funguo, kusikiliza malalamiko ya maji ya moto. Lakini kila Jumamosi saa kumi alasiri, chai ikishaandaliwa kando ya bwawa la kuogelea, nilishika kipaza sauti nikaendesha chemshabongo. Meneja alinipa kazi hiyo baada ya kunisikia nikimweleza mgeni mmoja kwamba zamani sana twiga alisafirishwa kutoka Malindi mpaka Uchina, akapelekwa kwa mfalme wao, na watu wa huko wakamwona kuwa ndiye yule mnyama wa baraka wa hadithi zao. Mgeni alisahau kabisa kwamba chumbani mwake hamkuwa na maji. Meneja hakusahau, na juma lililofuata akanikabidhi kipaza sauti.

Nilikuwa na daftari la mambo kama hayo. Pweza ana mioyo mitatu. Siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake mzima. Vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Unguja, na havikumaliza hata saa moja. Farasi wa baharini anayebeba mimba ni dume. Jongoo wa bahari akibanwa na adui humtupia matumbo yake, akaenda zake kuota mengine. Niliyaokota mtandaoni nikiwa nimekaa pale mapokezi, kipande hapa kipande pale, na niliyapima kwa masharti mawili tu: liwe kweli, na limfanye mtu ashushe kikombe chake. Lilikotoka sikuandika. Nani alilisema, lilimhusu nani, hayo niliyaona kazi ya walimu.

Nyumbani nako sikuwapumzisha watu. Mama yangu alikuwa akipepeta mchele huku nikimhubiria habari za Zuhura, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema debe tupu haliachi kuvuma. Nilicheka, nikadhani ananitania.

Kuna jambo jingine la kukiri hapa, maana bila hilo aibu yangu haitaeleweka. Mimi ni mzaliwa wa Shela, mjini, kwa watu wanaojihesabia uungwana tangu babu wa babu. Tulilelewa tukijua kwamba kupita barabara kuu kwenda ndani, kwenye mashamba ya Jilore na Magarini, ni kwenda kwa watu wa kuchekwa kidogo na kuogopwa kidogo. Walituletea mahindi na nazi, tukawanunulia, tukawaiga wanavyosema wakishaondoka. Hakuna aliyenifunza kwa maneno. Nilikua nalo tu, na sikuwahi kulitazama machoni.

Jumamosi hiyo ninayoisema, hoteli ilijaa watu wa semina kutoka Nairobi. Walikuwa wamechoka na mikutano, wanataka kucheka. Asubuhi nilikuwa nimesoma habari ya vigango, zile mbao ndefu zilizochongwa, zenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wakubwa waliofariki. Habari ilisema viliibwa kwa miaka mingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vingi vikaishia makumbusho ya ng'ambo na majumba ya matajiri, wakiwamo watu wa sinema. Vichache vimerudishwa. Palikuwa na picha ya kimoja ndani ya makumbusho, nikaihifadhi simuni. Moyo ulinidunda kwa furaha ya mwindaji. Wageni, Marekani, sinema, na sisi wenyewe humo humo ndani: swali gani lingelishinda hilo?

Nikalifanya swali la nne. Mcheza sinema tajiri wa Marekani alipamba sebule yake kwa kitu kutoka Kilifi; ni kitu gani? Mlango wa kale, mtumbwi, au nguzo ya kaburi? Watu wa semina wakabishana. Wengi wakasema mlango. Nikawaonyesha ile picha kwenye televisheni kubwa ya bwawani, nikasema, "Nguzo ya kaburi. Fikirini marehemu wa watu, yuko Marekani anaangalia televisheni, na hata viza hakuombwa."

Walicheka kweli kweli. Na mimi kicheko cha watu kilikuwa kikinilevya, sikujua kukiacha kikapoa. Nikasimama wima mbele ya skrini, mikono nimeibana mbavuni, macho nimeyakodoa, nikawa kigango. Bwana mmoja aliinuka akanivika kofia yake. Wakanipiga picha. Nilikaa vile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kila nilipodhani wamemaliza, mwingine alianza upya.

Kofia ilipoondolewa ndipo nilipomwona mpishi wetu wa vitafunio. Alikuwa amesimama kwenye njia ya jikoni na sinia la mahamri mikononi. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka sita. Mtu wa Magarini, mpole, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Hakucheka, hakununa. Aliitazama skrini mpaka nilipobadilisha picha, kisha akaweka sinia mezani akarudi jikoni.

Jumatatu alikuja mapokezi amevua aproni, akasimama pembeni kama anavyosimama mtu asiyetaka kuwazibia wageni. Akaniomba ile picha ya juzi nimtumie, apate kumwonyesha baba yake. Nikamuuliza ya nini, na kabla hajajibu nikaanza kumweleza kigango ni kitu gani. Ndiyo. Mimi, mtu wa Shela niliyeviona vigango mara mbili maishani, tena nikiwa ndani ya gari, nilimfafanulia mtu wa Magarini mambo ya kwao kwa maneno niliyoyasoma asubuhi ya Jumamosi. Aliningoja nikamaliza. Nikilikumbuka hilo hata sasa, nikiwa peke yangu, huwa nafumba macho.

Kisha akanieleza. Cha babu yake kiliibwa. Baba yake ndiye aliyekisimamisha, baada ya babu kumjia ndotoni mara kadhaa kulalamika kwamba amesahauliwa. Alitafuta fundi, akatoa mbuzi, akafanya kila kilichotakiwa. Mwaka mmoja ukoo mzima ulikwenda matangani Jilore. Waliporudi walikuta kimekatwa kwa msumeno, kisiki tu kimebaki ardhini. Tangu hapo baba yake amekuwa akikiulizia kwa kila anayedhani anajua jambo, na ndugu zake wengine hawajaacha kumlaumu kwamba aliacha boma bila mtu.

"Na si nguzo ya kaburi," aliongeza taratibu, kama anayenisahihisha hesabu ndogo. "Kaburi liko mahali pengine. Kile ndicho babu mwenyewe."

Nilichukua simu nimtafutie. Picha haikuwapo. Simu yangu hujaa haraka, na kila Jumamosi jioni nilifuta vitu vya chemshabongo kupata nafasi ya vingine; nilikuwa nimekifuta kigango pamoja na jongoo wa bahari. Nilimwambia ilifutika, kana kwamba ilijifuta yenyewe, lakini asijali, nitaitafuta mtandaoni nimtumie kesho yake. Alinishukuru.

Niliitafuta, sitajisingizia uvivu. Nilikaa na simu usiku na mchana. Zilikuja picha za vigango kwa makumi: virefu, vifupi, vilivyopasuka, vilivyofungwa vitambaa, vya makumbusho haya na yale, vya minada, vya watu binafsi. Huenda picha yangu ilikuwa miongoni mwao. Nisingeijua. Niligundua kwamba nilikionyesha kitu kile mbele ya watu arubaini bila mimi mwenyewe kukitazama. Sikukumbuka nchi, wala jina la makumbusho, wala nakshi, wala urefu. Nilichokumbuka vizuri ni kofia niliyovishwa: nyeupe, yenye ukanda wa buluu.

Mtu mwema angemwambia mwenzake hivyo. Mimi nikaanza kumpiga chenga. Juma la kwanza nilisema mtandao unasumbua. La pili nikasema nimemwandikia mtu anayejua. Nikawa napita mlango wa nyuma ili nisikutane naye jikoni, na chai yangu ya saa nne nikaenda kuinywa kibandani nje. Meneja nilimwambia koo linaniuma, chemshabongo ipumzike kidogo. Mpishi alikoma kuniuliza, nikajitia hamnazo, nikaanza kuamini kwamba yamekwisha.

Hayakwisha. Asubuhi moja askari wa getini alinipigia simu akasema nina mgeni. Nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi la wafanyakazi, shati jeupe la mikono mirefu limepigwa pasi, miguuni mwake mfuko. Alikuwa amekuja mjini kliniki ya macho, na mwanawe, mpishi wetu, alikuwa bado mezani kwake anakanda unga. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akanisogezea mfuko kabla ya neno lingine lolote. Zilikuwa kunde za shambani kwake, karibu kilo tatu, amezichambua hazina hata jiwe. Nilizipokea. Hadi leo sijui kwa nini sikuzikataa.

Alisema hakuja kunisumbua kuhusu picha; mwanawe amemwambia ilipotea, na vitu vya simu ndivyo vilivyo. Isitoshe macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Ila mimi nilikiona, na mtu aliyeona anaweza kuulizwa. Vilivyochukuliwa ni vingi, alisema, huenda si yeye. Alitaka kuniuliza mambo mawili tu.

La kwanza, je, kifuani palikuwa na ufa, umebanwa kwa kipande cha bati? Fundi alipasua ubao kidogo wakati wa kuchonga, akaona haya, akauziba.

Nilimtazama yule mzee. Alikuwa ameinama mbele, sikio la kulia amelielekeza kwangu. Ningeweza kusema sijui, baba. Maneno mawili. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kujua, ndilo jina langu pale hotelini, na kusema sijui kungenilazimu kusema kwa nini sijui: kwamba nilikuwa nikichekesha watu, kwamba nilijifanya baba yake nikavishwa kofia. Niliona haya kumwambia kweli kuliko nilivyoona haya kumdanganya.

"Nadhani palikuwa na bati," nikasema.

Mikono yake ilikuwa magotini, na niliona vidole vikijikunja na kujikunjua. Halafu akauliza la pili, kwa sauti ya chini zaidi.

"Wamemsimamisha, au wamemlaza?"

Sikujua hata hilo. Picha ilikuwa ya kitu kilichoegemea ukuta, au kilichowekwa mezani, au ndani ya sanduku la kioo. Yoyote kati ya hayo. Kumbe mambo yote niliyokuwa nimeyajaza daftarini, ya mioyo na sayari na vita vya Unguja, hayakuwa na hili moja analolitaka mtu aliyekaa mbele yangu.

"Amesimama, baba," nikasema. "Amesimama vizuri."

Aliinamisha kichwa akasema alhamdulillahi. Sijui kama alilitoa kwa kuzoea au kwa kuniheshimu mimi. Aliniambia kilichomnyima usingizi miaka yote ni kumfikiria amelazwa chini ghalani, juu yake wamerundika vitu. Aliyesimama anaweza kungoja. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniombea mimi na watoto wangu, na mwanawe akaja kumsindikiza stendi. Nilirudi mezani na kunde zangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilijua tayari nimefika mwisho wake. Nilichokuwa nikingoja ni kukamatwa tu.

Hakuna aliyenikamata. Siku kama kumi baadaye mpishi alinikuta kwenye korido ya stoo, uso wake una furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya swali la nne. Alisema mwisho wa juma alikwenda nyumbani. Baba yake aliwaita ndugu zake wote, hata wale waliokuwa hawamwamkui, wakaenda pamoja mpaka kwenye kile kisiki. Walichinja, wakamwaga tembo la mnazi, wakamweleza babu kwamba ameonekana, hakuchomwa kuni kama walivyohofia, yuko ugenini amesimama. Yeye ni mtu wa kanisa, alisema, mambo hayo huyatazama kwa mbali, lakini aliwaona ami zake wakimkumbatia baba yake na hakuweza kujizuia kulia.

Nilisema ni jambo jema. Nilikuwa nikitazama magunia ya unga nyuma ya bega lake.

"Ndugu zake walimuuliza nani kamwona," akasema. "Baba akakutaja. Jina lako na la baba yako na la babu yako, aliniuliza mimi kabla ili asikosee. Alitaka babu ajue ni mtu wa kweli."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Korido ilikuwa tupu, mlango wa stoo umefungwa, na yeye amesimama hatua moja kutoka kwangu, ananingoja.

Nikasema ahsante.