Utafiti Umefungwa, Moyo wa Msusi Bado Unapiga

Saa mbili asubuhi, msusi amesimama nyuma ya mteja wake wa kwanza, chanuo mdomoni, vidole vikikimbia. Wateja humwita Mwepesi. Akifika katikati ya kichwa anasita, anashika kifua, anasikiliza.

"Leo umetulia," anasema, kana kwamba anamzungumzia mtoto mtundu.

Mwepesi, mwenye miaka arobaini na sita, ana moyo unaopiga bila mpangilio. Ulimwangusha popote: sokoni, bafuni, hata kwenye harusi ya mdogo wake. Dawa za hospitali zilimpa kizunguzungu tu. Ndipo madaktari watafiti walipomwomba ajiunge na majaribio ya dawa mpya.

Alikubali. Akafungwa waya kifuani, akatolewa damu, akafunga saluni kila alipoitwa. Dawa ikamkubali. "Nilipanda ngazi huku naongea," anasema. "Nilikuwa nimeshasahau kama inawezekana."

Baada ya miaka miwili, wagonjwa waliitwa ukumbini. Kulikuwa na soda, hotuba na picha ya pamoja. Kila mmoja akapewa fulana. Mwepesi akauliza dawa za mwezi ujao atazichukua wapi.

"Mradi umefungwa, mama," akajibiwa. "Rudi kwenye dawa zako za zamani."

"Fulana!" Akisimulia hayo saluni, sauti yake inapanda, mteja anageuka. "Nimeze fulana?"

Haukupita hata mwezi, akaanguka saluni. Mteja aliyempeleka hospitali alikaa naye kutwa, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima. Hilo huwachekesha mpaka leo. Lililofuata halimchekeshi mtu.

Kwenye majaribio hayo alikuwemo fundi viatu, jirani yake wa benchi kliniki, mtu wa utani mwingi. Naye alirudishwa kwenye dawa za zamani. Alifariki akiwa kazini, kiatu cha mtu kikiwa mapajani.

Mkuu wa utafiti anasema bajeti iliishia pale, na kwamba hakuna uthibitisho kuwa kukosa dawa ndiko kulikomuua. Huenda. Lakini tangu siku ya soda, hakuna aliyefika hata kumpima.

Baada ya mazishi, Mwepesi alikwenda ofisi za watafiti. Ukutani akaikuta ile picha ya pamoja, imekuzwa, chini yake maneno: "Tumewarudishia maisha." Fundi viatu alikuwa mstari wa mbele, anacheka.

"Kama dawa hamna, hii ishusheni," alimwambia daktari. "Huyu mnayemtangaza tumemzika jana."

Hakutoka mpaka walipofunga ofisi. Kesho yake alirudi na wagonjwa wenzake, pamoja na mjane wa fundi. Picha ilishushwa siku hiyohiyo. Dawa zilichukua wiki kadhaa. Mwishowe watengenezaji wa dawa hiyo walikubali kuwapa wote waliobaki, hadi zitakapofika hospitali za umma.

Utafiti mwingine unaanza mwezi ujao. Mwepesi anataka ahadi ya dawa za baada ya utafiti itolewe kabla mtu hajafungwa waya. Dada yake, aliyeketi mlangoni, anamsihi: "Nyamaza, mdogo wangu. Wewe si umeshapata? Utawaudhi, wakunyang'anye."

"Waudhike," anajibu, akikaza msuko. "Siku wakianza, nitapeleka kiti changu pale getini kwao. Kila anayeingia nitamwuliza: umewauliza wakishamaliza na wewe, utakuwa mgonjwa wa nani?"